Kushusha Gari Si Kukata Springi

Imezuka miongoni mwa vijana wenye magari katika wilaya za Busia na Tororo desturi ya kuyashusha magari ya zamani upande wa mbele, hata bampa likakaribia kugusa lami. Mtu atokaye mjini Busia kwenda Majanji siku ya Jumapili, wakati watu wanapoteremka ufukweni kupunga upepo wa ziwa, hahitaji kuambiwa, atayaona mwenyewe. Yamepakwa rangi upya, yana ringi pana na bomba la moshi lenye mngurumo, na pua zimeinama kama ng'ombe wanywao maji. Wazee huyatazama wakatikisa vichwa. Wapo wasemao kwamba huo ni uhuni mtupu, na kwamba polisi wa barabarani wangefanya vema kuyakamata yote siku moja na kuyafungia.

Sisi hatuafikiani na shauri hilo. Kushusha gari ni kazi ya ufundi yenye kanuni zake, nayo hufanywa na watu wenye akili timamu katika nchi zenye barabara nzuri na zenye viwanja vya mashindano. Gari lililoshushwa kwa kipimo, na mtu ajuaye alitendalo, huweza kushika barabara kuliko lilivyotoka kiwandani. Linalotutia hofu ni namna kazi hiyo inavyotendwa kwetu: springi hukatwa kwa msumeno au kwa moto wa gesi, chini ya mwembe, na gari hurudishwa barabarani jioni ile ile. Tena gari hilo hilo lililobeba vijana wanne Jumapili kwa starehe, Jumatatu alfajiri hubeba watu tisa na magunia ya mukene kutoka mwaloni kwenda sokoni. Hapo hatuzungumzi tena juu ya starehe ya mtu mmoja.

Gari linaloongoza katika desturi hii ni Toyota Corolla ya aina ya AE100. Hapa kwetu ni wachache waiitao kwa jina hilo. Twaiita Kikumi, yaani mia moja kwa Kiganda, kwa sababu ya tarakimu za jina lake la kiwandani. Ng'ambo ya pili ya mpaka, ndugu zetu wa Kenya wana mapenzi ya namna hiyo kwa Corolla iliyotangulia zaidi, ile ya KE70 waiitayo DX. Kikumi ilianza kutoka kiwandani Japani mwaka 1991, na nyingi tulizo nazo zimekaribia au kupita umri wa miaka 30. Zimefanya teksi, zimebeba maharusi, zimebeba wagonjwa na majeneza, na bado zinatembea.

Wala hazitazamiwi kuja nyingine. Mwaka 2018 Bunge letu lilirekebisha sheria ya usalama wa barabarani na kukataza kuingizwa nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya ilikwisha kuweka mpaka mkali zaidi, wa miaka minane. Sheria hizo zina maana yake nasi hatuzilaumu. Lakini yafaa tuelewe matokeo yake: mwenye Kikumi asiye na fedha za kununua gari jipya zaidi hatalitupa alilo nalo. Atalitunza, atalipaka rangi, na akiwa kijana atalipamba apendavyo. Desturi hii basi haitakwisha kwa makemeo, maana gari la zamani ndilo tutakalokaa nalo kwa muda mrefu.

Ili tuelewane na mafundi, hatuna budi kusema kwanza gari hili limesimamaje. Mbele ya Kikumi, kila gurudumu lina mguu mmoja uliosimama wima. Ndani ya mguu huo mna shokomzoba, na kuizunguka mna springi. Kichwa cha mguu kimefungwa kwenye bodi chini ya boneti kwa nati tatu, nayo nyayo yake imefungwa kwa boliti mbili kwenye kitovu cha gurudumu. Chini kabisa pana mkono wa chuma uliolala, uliofungwa kwenye bodi upande wa ndani kwa bushi za mpira na kwenye gurudumu kwa bolijointi. Upo na ufito mwembamba, tairodi, utokao kwenye mashine ya usukani kuligeuza gurudumu. Huo ndio mfumo wote. Aliyeubuni ni mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940, na magari ya Ford ya Uingereza yaitwayo Consul na Zephyr, yaliyotolewa mwaka 1950, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuutumia. Uzuri wake ni uchache wa vyuma. Ubaya wake ni uo huo: kila chuma kina kazi mbili au tatu, na ukikibadili kimoja umevibadili vyote.

Mfumo huu si mgeni katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa ndiyo mtihani wa miguu ya magari. Ford Zephyr ilishinda mwaka 1955. Peugeot 404, ambayo wazee wetu wa Tororo wanaikumbuka kama teksi ya safari ndefu, ilishinda mara nne, miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, nayo ina miguu ya namna hiyo hiyo mbele. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo tangu 1979 hadi 1982, katika Datsun zenye mfumo huo huo. Yafaa vijana wetu wajiulize swali moja: magari hayo ya Safari yalishushwa? La. Yaliinuliwa, yakaimarishwa, yakawekewa ngao ya chuma chini ya injini. Waliotaka ushindi katika barabara zetu walitafuta nafasi kati ya gari na ardhi. Magari yanayoshushwa ni yale ya viwanja vya lami laini, yasiyokutana na mbuzi wala tuta. Sisi hatusemi kwamba kijana wa Lumino lazima aige Safari. Twasema tu kwamba gari hutengenezwa kwa ajili ya barabara litakayopita, na picha ya gari la Japani iliyobandikwa ukutani mwa gereji haina habari na barabara yetu.

Tuje sasa kwenye springi yenyewe.

Fundi huikata mizingo, na mteja hufurahi kwa sababu gari limeshuka palepale. Wengi hudhani kwamba springi iliyokatwa inakuwa laini kwa kuwa imepungua. Kinyume chake ndicho kweli. Ugumu wa springi huongezeka kadiri mizingo inavyopungua. Tuseme springi ina mizingo sita inayofanya kazi, ukaikata mmoja na nusu. Iliyobaki ni minne na nusu, na ugumu wake umeongezeka kwa theluthi nzima. Shokomzoba haijui habari hiyo. Yenyewe ilitengenezwa kuizuia springi ya kwanza, na sasa imepewa farasi mwenye nguvu kuliko hatamu. Ndipo gari linaporukaruka kwenye mashimo, na gurudumu kuachana na lami kwa nukta moja moja. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Jambo la pili ni nafasi. Kila mguu una mwendo wake wa kupanda na kushuka, na mwishoni mwa mwendo pana kipande cha mpira cha kuzuia chuma kisigonge chuma. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gari likiwa tupu lilikuwa na sentimita nane za kupanda kabla ya kufikia mpira huo. Ukilishusha sentimita tano, umebakiza tatu. Abiria wakishapanda, hizo tatu nazo zimeliwa nusu. Dereva akikanyaga breki ghafula kwa ajili ya mtoto au mbuzi, uzito wote hukimbilia mbele, mguu hugota kwenye mpira, na tangu hapo gari halina tena springi mbele: ni kama mkokoteni. Likiwa katika kona wakati huo, matairi ya mbele huteleza bila kutoa onyo.

La tatu laonekana dogo, nalo ndilo lililotushangaza kuliko yote tulipolitazama kwa macho yetu. Springi ya kiwandani huanza na kuishia kwa mzingo uliokaa vizuri ndani ya kikombe chake. Iliyokatwa ina ncha kali isiyokaa popote. Gari likiinuliwa kwa jeki, au gurudumu likianguka katika shimo refu, springi fupi hulegea ikacheza ndani ya mguu, na huweza kutoka katika kikombe. Likirudi chini halirudi mahali pake. Tumeona springi iliyokuwa imejichongea njia ya kung'aa ndani ya kikombe cha chuma kwa miezi kadhaa, mwenye gari akidhani sauti ile ya kugonga yatoka kwenye bushi.

Na moto wa gesi ni mbaya kupita msumeno. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto lililopimwa ndipo kikawa kigumu chenye kurudi. Kikipashwa mpaka kikawa chekundu, upishi wote ule umefutika. Springi huketi, gari hushuka, na fundi huonekana mwerevu. Baada ya muda upande mmoja huketi kuliko wa pili, kwa sababu hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kupasha springi mbili sawasawa kwa macho. Chuma kilichopoteza upishi wake huweza pia kuvunjika, nacho hakivunjiki garini likiwa limeegeshwa.

Mafundi hawakosi hoja. Fundi mmoja kijana, hodari wa mikono, ambaye gereji yake hatutaitaja, alitueleza hivi tulipomwuliza: "Afande, mimi hushusha vidole viwili tu. Gari likiwa chini halilali kwenye kona. Mwenyewe utaona." Tulimwuliza kama amewahi kuchungulia chini kuona mkono wa chuma umelalaje baada ya kazi yake. Akacheka, akasema, "Mkono si uko pale pale, afande?"

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya, nasi twaomba wasomaji watuvumilie kidogo.

Mkono ule wa chini, gari likiwa katika kimo cha kiwandani, aghalabu hulala ukiinamia nje kidogo: ncha ya upande wa gurudumu iko chini kuliko ya upande wa bodi. Gurudumu linapopanda, mkono hujinyosha na kuisukuma nyayo ya mguu kwenda nje, na tairi hubaki limekanyaga vizuri. Ukishusha bodi bila kugusa kitu kingine, mkono hugeuka ukaelekea juu. Tangu hapo, kila gurudumu linapopanda, mkono huivuta nyayo kuja ndani, na tairi la upande unaobeba uzito katika kona huanza kukanyaga kwa ukingo wake wa nje. Tena ile nukta ambayo bodi hulala kwa kuizunguka, nukta isiyoonekana kwa macho lakini ipatikanayo kwa mistari na rula, hushuka upesi kuliko gari lenyewe lilivyoshuka. Uzito wa gari umeshuka vidole viwili, nayo nukta ile imeshuka zaidi. Nguvu ya kulilaza gari basi imeongezeka, haikupungua. Kijana hudhani gari lake halilali kwa sababu springi zimekuwa ngumu. Lau angezirudisha springi laini katika kimo kile kile, angeona lilivyo.

Na tairodi? Mkono na tairodi vilipangwa kiwandani viende pamoja, kila kimoja kikichora upinde wake, hata gurudumu lipande na kushuka bila kugeuka. Gari likishushwa, vyote viwili hufanya kazi katika sehemu ya upinde ambayo havikuchorewa, na havipatani tena. Gurudumu likipanda tuta hujigeuza lenyewe, kushoto au kulia, ingawa dereva hakuugusa usukani. Katika mwendo wa kilometa 40 kwa saa dereva huhisi mtikiso mikononi. Katika mwendo wa 100, usiku, kwenye lami iliyochimbika upande mmoja, gari huhama njia. Na ambaye huwa amesimama pembeni ya njia katika barabara zetu twamjua sote: mwenye bodaboda, mwenye baiskeli ya matoke, na mwanafunzi atembeaye kwa miguu.

Kwa hiyo tulimwambia kijana yule kwamba mkono uko pale pale, naam, lakini umegeuka. Hakucheka tena. Alilala chini ya gari lililokuwa juu ya mawe, akatazama kwa kitambo, kisha akauliza swali lililotufurahisha kuliko majibu mengi tuliyowahi kusikia kwa watu wenye vyeti: "Sasa nitaurudishaje?"

Jawabu lipo, tena ni la zamani. Katika Corolla za KE70, ambazo huendeshwa na magurudumu ya nyuma, mkono wa usukani umefungwa chini ya mguu kwa boliti. Fundi huweza kuchonga kipande kinene cha chuma, cha sentimita mbili na nusu au tatu na kitu, akakiweka kati ya mguu na mkono huo, na kufunga kwa boliti ndefu zaidi za daraja lile lile la ugumu. Kipande hicho hushusha bolijointi na tairodi kwa pamoja, na mkono hurudi kulala kama ulivyokuwa, ijapokuwa bodi imeshuka. Kazi hiyo yahitaji mashine ya kukereza na kipimo. Kwa Kikumi, inayoendeshwa na magurudumu ya mbele na iliyofungwa kwa namna nyingine, jambo hilo ni gumu zaidi. Yatakiwa bolijointi yenye shina refu iliyotengenezwa makusudi, na kama haipatikani, basi gari lisishushwe zaidi ya kiasi kidogo ambacho mkono hautavuka ulalo. Ekseli za mbele nazo zina viungo visivyopenda kupindwa kupita kipimo. Twasema wazi: katika Kikumi, sentimita mbili na nusu hadi tatu ndizo mwisho wa busara, na hizo ni kwa lami.

Springi zenyewe zinunuliwe zilizotengenezwa fupi, zenye ncha zilizofungwa vizuri na ugumu uliopimwa, pamoja na shokomzoba fupi zinazolingana nazo. Vitu hivyo huonekana katika soko la Kisekka mjini Kampala, na katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, vikiwa vimetolewa katika magari yaliyovunjwa Japani. Ni ghali kuliko msumeno, hatubishi. Lakini mwenye gari ambaye alikwisha kununua ringi pana na redio yenye spika za kutikisa madirisha ya watu hawezi kutuambia kwamba fedha zilimwishia alipofika kwenye springi. Kazi ikiisha, magurudumu yapimwe upya, maana miguu ikishuka matairi huinamia ndani na hulika ukingo mmoja. Taa za mbele nazo zirekebishwe, kwa kuwa gari lililoinama pua humulika miguu yake lenyewe. Ni ajabu jinsi jambo hilo la taa linavyosahauliwa.

Yupo pia mtu mmoja ambaye hasemwi katika mabishano haya, naye ni fundi mwenyewe. Springi iliyobanwa katika mguu ina nguvu ya kuua. Kuifungua yatakiwa vibanio viwili vya chuma vinavyoibana kidogo kidogo, kila upande kwa zamu. Tumeona ikifungwa kwa waya na kamba za mpira, na kijana wa miaka 16 akiegemeza kifua juu yake wakati nati ya kichwani inafunguliwa. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa kwamba chombo chochote kilichobanwa hutazamwa kama silaha iliyojazwa: mdomo wake usimwelekee mtu. Sheria hiyo yafaa gereji kuliko inavyofaa kwata.

Sasa barabara yenyewe. Wilaya imepata lami, kilometa 104 za njia itokayo Musita kupita Mayuge na Lumino hadi Busia na Majanji, ambayo zamani ilikuwa ya murramu. Ni neema kubwa. Samaki wanaotoka mwaloni asubuhi hufika mpakani wangali wabichi, na mama mjamzito hafiki hospitali akiwa amevunjwavunjwa na mashimo. Lakini lami ndiyo iliyoleta mwendo, na mwendo ndio uliowashawishi vijana kwamba sasa gari la chini linawezekana. Wanasahau kwamba lami hiyo ina matuta kila penye shule na soko, na kwamba aendaye nyumbani kwake huacha lami akaingia njia ya udongo yenye mfereji. Kimo cha Kikumi kutoka ardhini ni kama sentimita 15 likiwa tupu. Ukiondoa tano, ukapakia watu, tuta la kijijini lisilopimwa hulikuta bakuli la oili. Gari humwaga oili njiani, dereva hajui, na injini hufa kabla hajafika Busia. Huo ni hasara ya mali tu, na wengi wa wenye magari hayo huielewa kuliko hatari ya roho. Basi na iwaonye.

Na mzigo. Gari lililotengenezwa kwa watu watano hubeba tisa siku ya soko. Watu tisa wa kilo 65 ni kilo 585, na Kikumi chenyewe kina uzito wa kama kilo elfu moja. Aliyeketi mbele pamoja na dereva si mmoja. Ni wawili, mara nyingine watatu, na dereva huendesha akiwa ameegemea mlango. Kweli sehemu kubwa ya uzito hukaa nyuma, lakini wanaoshusha mbele hushusha na nyuma ili gari lisiinamie kama jembe. Gari la namna hiyo hutembea likiwa limekaa juu ya mipira yake minne, tangu mwaloni hadi mjini. Twathubutu kusema kwamba kulishusha gari na kulitumia kama teksi ni mambo mawili yasiyoweza kukaa katika gari moja. Anayetaka la Jumapili na awe nalo la Jumapili. La abiria libaki katika kimo chake.

Kuhusu serikali, ukaguzi wa lazima wa magari ulianzishwa nchini katikati ya miaka ya 2010, ukaleta mabishano makubwa Bungeni kuhusu gharama na mkataba, na wananchi wengi wakaubakizia kumbukumbu ya malipo kuliko ya usalama. Sisi twaona ukaguzi unaofaa katika wilaya kama hii hauhitaji majumba makubwa. Askari mmoja aliyefundishwa, mwenye tochi, rula na jeki, aweza kuona kwa dakika tano kama springi imekatwa, kama imekaa katika kikombe chake, na kama mkono umevuka ulalo. Hahitaji kulikamata gari kwa sababu liko chini. Alikamate kwa sababu limekatwa. Tofauti hiyo ikijulikana, kijana aliyefanya kazi yake vizuri hatakuwa na sababu ya kumkimbia askari, na aliyekata kwa msumeno hatakuwa na pa kujificha nyuma ya mwenzake.

Mafundi nao wasiachwe. Wengi wamejifunza kazini, kwa kumshikia mwalimu spana tangu utoto, na serikali kwa miaka mingi imekuwa na njia ya kumpima fundi wa namna hiyo kwa kazi ya mikono yake na kumpa hati. Ni wangapi katika gereji za Busia, Lumino na Tororo waliokwisha kupimwa? Vyuo vya ufundi vilivyo jirani vingeweza kufungua milango siku za Jumamosi kwa somo moja tu, la miguu ya mbele ya gari, kwa rula, karatasi na gari lililofunguliwa. Yule kijana aliyeuliza ataurudishaje mkono hakuwa na haja ya miaka miwili darasani. Alikuwa na haja ya mtu wa kumchorea pinde mbili, na mashine ya kukereza ambayo angeruhusiwa kuitumia kwa saa moja.

Mpaka hayo yatakapokuja, abiria anayo njia ya kujilinda, nayo haimgharimu kitu. Kabla hajapanda gari mwaloni Majanji, na alikandamize kwa nguvu pembe ya mbele, juu ya gurudumu, kisha aliachie. Likidunda mara tatu nne, shokomzoba imekufa. Lisipozama hata kidogo wakati watu wamekwisha kukaa, limekaa juu ya mpira. Dereva akigeuza usukani hadi mwisho na tairi likasikika likisugua bodi, abiria huyo anayo haki ya kushuka na kungoja gari jingine, na dereva asimtukane.